Kubonyeza Sura Inayolia

Watu wakiniuliza habari ya mguu wangu huwaambia mguu haukuwa na neno, kilichoumwa ni kinywa. Wanacheka, nami nacheka nao, kwa sababu leo natembea. Lakini kuna majira nililala kwenye wodi ya wanaume nikimwomba Mungu anichukue kabla ya saa ya mazoezi, na tembe ya kunituliza ilikuwa kando yangu, karibu kiasi cha kuigusa kwa kiwiko. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyelala pale sasa hivi, anayeulizwa anaendeleaje na kujibu kwamba yuko sawa.

Ilianza wakati wa kupogoa. Kwetu, upande wa Kabianga, tunapogoa chai kwenye baridi, majani yakiwa yamepungua. Shina lilikuwa na umande, panga likateleza, likanikata chini kidogo ya goti la kulia. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo. Nilikifunga kwa leso ya mke wangu, Chebet, nikamaliza mstari wangu. Chebet akaniambia niende zahanati. Nikamwambia kesho. Basi nikawa mtu wa kesho, kidonda kikafunga kwa juu, na huko ndani kikaendelea na shughuli zake bila kuniuliza.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipofika, gambuti haikuingia tena mguuni. Nilikuwa natetemeka kwa homa mchana kweupe, nimejifunika mablanketi mawili. Chebet hakuniuliza tena. Alimwita shemeji yake mwenye pikipiki, wakanifunga katikati yao kama gunia la majani mabichi, tukaenda hospitali.

Nakumbuka benchi za pale kuliko ninavyokumbuka madaktari. Benchi ya kungojea picha ya mfupa, benchi ya kungojea majibu, benchi ya kungojea kitanda. Mama mmoja mchuma chai, mtoto mgongoni, alisogea ili nikae. Nilimshukuru nikabaki nimesimama, kwa sababu baba yangu alikuwa amefika na yeye alikuwa amesimama. Nilisimama juu ya mfupa uliooza mpaka macho yakaingia giza. Chebet alinitazama akatikisa kichwa, akakaa yeye.

Daktari alituonyesha kwenye picha pale ambapo mfupa ulikuwa umeliwa. Alisema wataufungua mguu na kuukwangua mfupa, na pengine zaidi ya mara moja. Wakaukwangua mara ya kwanza wiki ile ile, mara ya pili kabla ya Krismasi.

Sitadanganya kuhusu mwili. Paja langu lilipungua likawa jembamba kuliko mkono wa Chebet. Mguu ulinuka, na harufu ile huwezi kuizoea, maana ni yako. Binti yetu Faith alipoletwa kunisalimu alisimama mlangoni akashika pua, kisha akalia kwa kuona aibu ya kushika pua. Nilimwambia Chebet asimlete tena. Akaniuliza kama naye aache kuja. Siku ile yeye alinibadilishia shuka, mimi nikatazama dari.

Mara ya tatu walipoukwangua ilikuwa Januari, jua kali, chai imekauka mashambani. Baada ya hapo ndipo yalipoanza mazoezi ya goti. Daktari alisema mfupa utapona tu kama mguu utatumika na damu ipite, na goti likiachwa limenyooka litaganda, na likiganda nitakuwa na mguu usiofaa kitu, wenye uchafu ndani, na hapo hakuna dawa isipokuwa kuukata. Kwa hiyo kila siku mtu wa mazoezi alikuja, akanikalisha ukingoni mwa kitanda, akashika kifundo changu na kukisukuma nyuma. Sijui nikuelezeje maumivu yale. Nilikuwa nasikia ladha ya chuma mdomoni.

Mwanzoni dawa za maumivu zililetwa na manesi kwenye raundi. Sista anapita na kigari, anampa kila mtu kikombe chake, unameza. Hapo sikuwa na tabu, kwa kuwa kupewa si aibu. Tabu ilikuwa kwa wale waliozidiwa kati ya raundi na raundi. Jirani yangu wa kitanda cha kushoto, Ochieng', fundi wa kiwanda cha chai aliyehamia Kapsoit kutoka kule ziwani, alikuwa na uvimbe nyongani, na maumivu yakimpanda alipiga kelele mpaka wagonjwa wa wodi nyingine wakamjibu. Sista Kemunto alikuwa peke yake. Angefungua kabati, atafute mwenzake wa kushuhudia dawa kali ikitolewa, arudi, na Ochieng' amekwisha kulia mpaka sauti imekauka.

Ndipo vikaja vile visanduku. Vilikuwa vya kujaribiwa, vikafungwa kando ya vitanda vyetu wachache tuliokuwa na dawa kali. Kisanduku chenyewe ni cha plastiki, ukubwa wa redio ndogo, kimefungiwa nguzo ya kitanda. Kila mmoja alivishwa bangili. Unaisogeza bangili kwenye kisanduku, kinawaka, kinakuonyesha sura zilizochorwa kwa mstari. Ya kwanza inatabasamu, zinaendelea kununa, na za mwisho zinalia, machozi yanaonekana. Unabonyeza sura ya maumivu yako. Kikiridhika, tembe inashuka kwenye kijisahani na muziki mdogo unalia ili ujue.

"Ukisikia uchungu, usiningoje," Sista Kemunto alituambia. "Mnaniona, niko peke yangu na hii wodi yote. Hizo sura za kwanza hazitoi kitu, hiyo ni kama salamu tu. Kuanzia hapa katikati ndiyo dawa inatoka. Ukishameza, inajifunga mpaka saa yake, kwa hivyo usiogope eti utazidisha. Na zile za raundi tumetoa. Wewe ndiye unajua mwili yako."

Ochieng' karibu ambusu. "Yawa, Sista, hii sasa ni serikali!" alisema, akabonyeza sura ya mwisho kabisa, muziki ukalia. Ndani ya muda mfupi alikuwa ananisimulia mambo ya mashine za kukaushia chai. Tangu siku ile sikumsikia tena akipiga mayowe. Kwake kisanduku kile kilikuwa rehema tupu, na nataka hilo lijulikane, kwa kuwa yanayofuata si makosa ya kisanduku.

Mimi ni Mkipsigis. Yale tunayofundishwa tunapoacha utoto hayaandikwi, wala mimi sitakuwa wa kwanza. Nitasema tu lile ambalo hata majirani zetu wanalijua. Siku ile kijana anasimama, na wanaume wanamtazama usoni. Kisu hawakitazami, wanatazama uso, na kope ikicheza wameona. Yangu haikucheza. Habari ilimfikia baba kabla ya jua kupanda, na kwa miaka yote iliyofuata sikumsikia akinisifu kwa jambo lingine, wala sikuhitaji jingine.

Na kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kila siku wageni waliporuhusiwa kuingia, baba alikuja na kofia yake, pamoja na wanaume wa rika langu wawili watatu, wakavuta viti, wakakaa. Hawakuwa na maneno mengi. Walikuwa wananisindikiza, na kunisindikiza kwao kulikuwa ni kunitazama usoni. Mtu wa mazoezi naye alikuja saa hizo hizo. Sasa nielezwe, ningewezaje kunyoosha mkono mbele ya baba na wanaume wale nikabonyeza sura inayolia machozi, kisha kinanda kilie kuwatangazia?

Utasema ningengoja waondoke. Kitanda cha mbele yangu alilala Mzee Arap Mibei wa Ndanai, aliyevunjika kiuno, ambaye walijuana na baba tangu ujana wao. Mzee yule hakulala usingizi, alilinda. Siku ya kwanza alikitazama kisanduku changu akaniuliza, "Hii kitu inalia-lia hapa ni ya nini? Ni ya kuita mama?" Alikuwa ananitania, lakini lilinikaa.

Kwa hiyo nilibonyeza sura ya pili. Kila Sista aliponikumbusha, nilisogeza bangili, nikachagua sura ya pili, ile inayokaribia kutabasamu. Kisanduku kikaandika asante, kikanyamaza. Dawa za raundi zilikuwa zimeondolewa. Basi nikawa sina dawa yoyote.

Siku zile sitaki kuzikumbuka, lakini ndizo nilizokuja kuzisema. Uchungu ulikuwa unaniamkia kabla sijafumbua macho. Nilijifunza kupumua kwa puani tu ili mdomo usifunguke. Nilipokuwa nakandwa goti niliuma shavu kwa ndani mpaka likawa na vidonda, na uji ukawa unanichoma. Goti likakataa. Mtu wa mazoezi akisukuma, mwili wangu wote ulikuwa unamkatalia, si kwa kutaka kwangu, misuli ilijikaza yenyewe ikawa ubao. Wala nisiseme uongo kwamba nilijivunia. Niliwachukia wote. Nilimchukia baba kwa kuja kila siku, nikamchukia Ochieng' kwa muziki wake. Nilimchukia Mungu, na nilimwambia. Kulikuwa na bomba la maji nje ya dirisha, na nilikuwa napanga jinsi nitakavyojiburuta hadi pale nijipige nalo kichwa.

"Jirani," Ochieng' aliniambia siku moja kwa sauti ya chini, "hiyo kitu si ya kuchajia simu. Bonyeza."

"Niko sawa."

"Wewe uko sawa vile mimi niko Mzungu. Shuka yako imelowa."

"Nimesema niko sawa, Baba Akinyi," nikamjibu Ochieng' kwa jina la binti yake.

Akageukia upande wake. Yeye hakuwa mtu wa kugombana na mgonjwa mwenzake.

Daktari alikuja akiwa na habari zote za kisanduku changu, kwa kuwa kilikuwa kinamwambia. Alinitazama mimi, akatazama goti. "Mashine inasema maumivu yako ni kidogo," alisema. "Hujatumia dawa hata moja. Kama siyo uchungu unaozuia goti kukunja, basi goti limeshaganda. Na mfupa bado haujakauka." Alikaa kitandani, na daktari akikaa ujue kuna jambo. Alisema uchafu ukipanda pajani atakuwa ananipigania uhai, si mguu. Alisema anafikiria kukata juu ya goti, Alhamisi.

Baba alikuwa pale. Alikuwa ananitazama usoni.

"Kateni," nikasema.

Nataka uelewe nilichofanya. Nilikuwa na mke, mtoto, na chai ya kuchuma kwenye mteremko ambao mtu mwenye miguu miwili huteleza. Na nikakubali kukatwa mguu, kwa moyo mweupe, kwa sababu wangenilaza kwa dawa ya usingizi, na kulazwa si kuomba. Nilikuwa nafurahi. Nilihesabu kwamba Alhamisi sitasikia kitu.

Daktari alisema kisanduku changu kitahamishiwa kwa Mzee Arap Mibei, kwa kuwa mimi sikihitaji, na yeye kiuno chake kitawekwa chuma wiki ile. Sista Kemunto alisema atakitoa jioni akimaliza kazi.

Chebet alifika mchana na uji wa wimbi kwenye chupa, akamkuta baba na wanaume wawili wa rika langu wamekaa kama kawaida. Nilimwambia habari ya Alhamisi. Hakulia. Aliweka chupa chini akanitazama, kisha akaniinua kichwa kama afanyavyo kila siku ili abadilishe foronya. Ilikuwa siku ya baridi, mvua ya mawe ilikuwa imepiga asubuhi na watu wote wodini walikuwa na sweta. Mto wangu ulikuwa umelowa jasho chapachapa.

Kwetu mke wa mtu hamwambii mkwewe maneno ya namna hiyo. Haketi naye karibu, wala hamtazami machoni. Chebet hajawahi kumkosea baba adabu hata mara moja. Alisimama na ule mto mikononi, akazunguka kitanda, akamnyooshea baba bila kumtazama.

"Baba, naomba unishikie," alisema. "Natafuta foronya."

Baba akaupokea. Chebet akainama kwenye mfuko wake akatafuta, akatafuta, na foronya nilikuwa naiona pale juu kabisa. Baba alikuwa ameuweka mto mapajani. Aliugeuza. Upande wa pili nao ulikuwa umelowa. Alipangusa kiganja kwenye suruali, na baada ya muda akakipangusa tena. Nilifumba macho. Nilijua ameniona sasa, hata kama kope haikucheza.

Nilisikia kiti kikiburutwa. Nilidhani anaondoka, na niseme ukweli, moyo ulinipasuka.

Nilipofumbua macho nikaona mgongo wake. Alikuwa amekigeuza kiti kikaelekea dirishani, amekaa, mto wangu bado mapajani. Kule nje kuna chai inapanda kilima mpaka kwenye ukungu.

"Njooni muone," aliwaambia wenzangu kwa Kipsigis, kwa sauti kubwa, yeye asiyepaza sauti hata akimfukuza ng'ombe. "Ile mvua ya mawe imeharibu. Tazameni yale majani ya kule juu."

Wale wawili walitazamana. Kisha kiti cha kwanza kikageuka, cha pili kikageuka. Nikaona migongo mitatu. Baba akaanza kueleza habari ya mvua ya mawe, jinsi inavyochana jani, na chai ikichanwa hukaa muda gani kabla ya kuchipua tena, mambo ambayo wanaume wale waliyajua tangu wakiwa watoto. Wakawa wanaitikia, ee, ee, kwa nguvu, kama watu kanisani.

Kule mbele Mzee Arap Mibei alinitazama kidogo. Akashika blanketi lake akalivuta mpaka likamfunika kichwa chote, miguu ikabaki nje.

Chebet alinishika mkono wenye bangili, akausogeza. Kisanduku kikawaka. Alikuwa ametazama pembeni naye. Mimi peke yangu ndiye niliyeziona zile sura. Nikabonyeza ya mwisho, yenye machozi kwenye mashavu yote mawili.

Muziki ukalia. Nilikuwa nimeuogopa sana ule muziki, lakini baba wakati huo alikuwa anasema kwa sauti ya juu kabisa kwamba heri mvua ya mawe kuliko ukame. Nikameza. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kama mtoto, kamasi na yote, Chebet akinishika kichwa kifuani mwake, na wanaume watatu wakiendelea kutazama chai.

Tembe haifanyi kazi mara moja. Hawakugeuka. Maneno ya mvua yalipowaishia walihamia kwenye bei ya maziwa, kisha kwenye fahali wa mtu fulani. Mtu wa mazoezi alipokuja alishangaa kuwakuta wageni wamempa mgonjwa migongo, lakini hakuuliza. Alinikalisha, akashika kifundo. Uchungu ulikuwepo, ila ulikuwa umesimama mbali, kama mtu anayeniita kutoka shamba la pili. Alisukuma. Goti likasogea. Si sana, upana wa vidole viwili, lakini mtu yule aliacha kusukuma akaniangalia.

"Hii haijaganda," alisema. "Hii ilikuwa imekaza tu. Sista! Kuja uone!"

Sista Kemunto alikuja, akaona goti, akaona kisanduku, akaona macho yangu yaliyovimba. Alikuwa mwepesi kuelewa. "Hii siitoi leo," alisema, akaenda kumpigia daktari simu.

Ochieng' alikuwa amenyamaza muda wote, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu. "Karibu serikalini, jirani," alisema.

Alhamisi haikuwa. Daktari alitupa muda, akaongeza tena, na nilipokuwa nakunja goti hadi nusu masika yalikuwa yameanza na chai imerudi kijani. Walinikwangua mara ya nne, na hiyo ikawa ya mwisho. Sitakwambia ilikuwa rahisi. Kuna siku nyingi nilirudi kwenye sura ya pili kwa mazoea, mpaka Chebet akatishia kumwita baba. Ochieng' hakutoka. Alifariki siku za mvua, kwa utulivu, bangili mkononi, na mimi ndiye niliyemsaidia kuisogeza siku zake za mwisho, mkono ulipomwishia nguvu. Nilikuwa namuuliza sura gani, ananionyesha kwa macho.

Mzee Arap Mibei naye alipata kisanduku chake baada ya chuma kuwekwa kiunoni. Siku ya kwanza alikitazama kuanzia asubuhi. Mchana akaniita kwa sauti kavu. "Kijana," alisema, "hebu tazama ukutani kidogo." Nikatazama ukutani. Nikamsimulia ukuta wote, nyufa na kila kitu, mpaka muziki ukalia.

Sasa naweza kupogoa, taratibu, kwenye ile mistari ya tambarare. Naenda hospitali kwa ajili ya kuangaliwa tu, na baba hunisindikiza. Hatujawahi kuzungumza habari ya siku ile. Ule mto hakumrudishia Chebet. Aliondoka nao chini ya koti, na mpaka leo uko kwenye kiti chake kule nyumbani.

Nawe uliyelala pale, chagua sura yako ya kweli. Ukiona mwanamume anayechechemea ameingia wodini, amevuta kiti kando ya kitanda chako, akakigeuza kikaelekea dirishani na kuanza kupiga kelele za mvua ya mawe, usidhani ana wazimu. Anakungoja ubonyeze.